Nahodha wa kujitolea kwenye ligi ya tenisi: kwa nini wachezaji wangu watano hawajarudi?

#1 BintiPangani
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa mliowahi kuongoza timu ya burudani bila kulipwa, iwe tenisi, netiboli au mpira wa mchangani.

Niko Texas, pembeni ya Dallas. Kwa misimu miwili nimekuwa nahodha wa timu ya wanawake kwenye ligi ya USTA, chama cha tenisi cha Marekani, kiwango cha 3.5, kundi la miaka 18 na kuendelea. Kwa asiyeijua, hii ni ligi ya watu wazima wenye kazi zao na watoto wao. Ilianza 1980. Kila mchezaji ana namba yake ya NTRP, yaani kipimo cha uwezo wake (4.0 ni juu ya 3.5), na anacheza na wa kiwango chake. Mechi moja ya timu ina viwanja vitano: viwili vya mmoja mmoja, vitatu vya wawili wawili. Maana yake kila Jumamosi nahitaji watu wanane waliosimama uwanjani na raketi mkononi. Wanane walioandika "nipo" kwenye kundi la WhatsApp hawanisaidii kitu.

Unahodha sikuuomba. Aliyekuwepo alihama mji. Siku ya kuaga tulikaa kwenye meza ya mbao nje ya viwanja, akauliza nani atashika, kila mtu akainama kufunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa nimevaa kandambili, nikanyoosha mkono.

Kazi yenyewe ni hii: nafungua timu kwenye TennisLink, mfumo wa ligi wa mtandaoni, nagawa namba ya timu, nafuatilia watu wajisajili na walipe, nakodi viwanja tukiwa wenyeji, nanunua makopo matano ya mipira mipya, napanga nani acheze na nani. Asubuhi ya mechi nabadilishana karatasi ya majina na nahodha wa wapinzani, mkono kwa mkono, ili asione yangu kabla ya kutoa yake. Usiku watoto wakilala naingiza matokeo.

Msimu uliopita tumemaliza wa pili. Wiki iliyopita nimefungua usajili mpya, na watano kati ya 14 hawajajisajili. Hatujagombana. Ujumbe wameuona, tiki za bluu zipo. Hakuna aliyesema sababu.

Nimekosea wapi?

#2 Sinza_Boy
Pole dada. Umewadekeza, ndiyo sababu. Mimi nilikuwa katibu wa timu ya mchangani Sinza. Jezi nafua mimi, maji nabeba mimi, refa namtafuta mimi. Siku nilipoumwa malaria hakuna aliyejua jezi zinakaa wapi. Mtu asipochangia hata jasho la kubeba ndoo, timu anaiona ni yako, si yetu. Ikiwa yako, anaiacha kirahisi.

#3 Lefti_wa_Kisumu
Salamu kutoka Minnesota. Nimekuwa nahodha huku misimu minne, timu ya wanaume 4.0. Kabla watu hawajaanza kumhukumu dadetu, tuwekee namba. Hao watano walicheza mechi ngapi kila mmoja?

#4 AtlantaBibi
Hodi. Mimi niko Atlanta, huku tuna ligi yetu, ALTA, ya chama cha tangu 1934. Sisi viwanja vyote vitano ni wawili wawili, hakuna mmoja mmoja. Hatutumii NTRP, tuna madaraja yetu ya herufi. Na jozi lazima zipangwe kwa nguvu, ya kwanza ndiyo kali, ya tano ndiyo ya mwisho. Huko USTA naambiwa unaweza kumweka yeyote popote.

Swali langu kwa BintiPangani ni moja: baada ya mechi mnakula? Usinione mlafi. Huku timu mwenyeji inaandaa chakula, na wapinzani wanakaa meza moja nanyi. Mimi nimewahi kupeleka sambusa 60 na chutney ya nazi, kopo la mwisho la chutney waligombania watu wa timu pinzani. Timu yetu ina miaka tisa na watu hawaondoki. Tenisi tunacheza ya kawaida tu. Wanabakia kwa sababu ya ile meza.

#5 BintiPangani
Asante wote.

#2 kuna ukweli, nitaurudia baadaye.

#4 bibi, hatuli. Mechi ikiisha kila mtu anakimbilia gari lake. Mwezi wa saba hapa joto linapita nyuzi 38, hakuna anayetaka kukaa nje. Lakini nimekuelewa.

#3 kaka, nimefungua daftari. Msimu ulikuwa na mechi nane. Wachezaji watano wakali walicheza mechi saba kila mmoja. Mimi nne. Wengine watatu nne nne. Walioondoka: wanne walicheza mbili mbili, mmoja tatu.

#6 HesabuNdiyoHaki
Hapo sasa. Tufanye hesabu polepole.

Watu wanane mara mechi nane ni nafasi 64. Wewe jumla yako inafika 62, kwa hiyo kuna uwanja mmoja wa wawili wawili haukuchezwa, utatuambia. Gawanya 62 kwa watu 14, ni mechi nne na kidogo kwa kila mtu. Wakali wako watano wamechukua 35 peke yao, zaidi ya nusu. Watano walioondoka wamepata 11 kwa pamoja.

Na ada ya usajili ni ileile kwa wote, sivyo? Aliyecheza saba na aliyecheza mbili wamelipa sawa. Mimi ningeondoka pia, na wala nisingeaga.

#7 Ukuta_wa_Mwanza
Napinga #6. Ligi ni mashindano. Kuna msimamo, kuna kufuzu kwenda mashindano ya jiji na ya jimbo. Timu imeshika nafasi ya pili kwa sababu nahodha aliweka wakali. Angegawa nne nne kama ubwabwa wa shughuli, angemaliza wa saba, na hao hao watano wangesema nahodha hajui kupanga timu.

Unahodha haujawahi kuwa kazi ya kupendwa. Arthur Ashe mwenyewe, bingwa wa tenisi na mtu mstaarabu kuliko wote, alipokuwa nahodha wa Marekani kwenye Davis Cup, kombe la timu za mataifa, huku bado anacheza, alipata tabu na nyota wake McEnroe.

#8 MzeeWaUpanga
Wanangu, mimi ni msomaji tu, lakini #7 nikurekebishe kidogo. Ashe hakuwa nahodha huku anacheza. Alipata shambulio la moyo 1979, akafanyiwa upasuaji, akastaafu kucheza 1980. Unahodha wa Davis Cup aliushika 1981 hadi 1985, na kikosi chake kilitwaa kombe 1981 na 1982. Habari ya McEnroe ni kweli, walikwaruzana sana kuhusu adabu uwanjani.

Nami niongeze. Yeye alikuwa na wachezaji wanne, na wote walikuwa wanajua wameitwa kwa ajili ya nchi. Binti yetu ana 14 waliolipa kutoka mifukoni mwao ili wapumzishe akili. Hizo ni kazi mbili tofauti ingawa jina ni moja.

#9 Ukuta_wa_Mwanza
Shikamoo mzee. Nimekubali kuhusu miaka. Kuhusu kugawa mechi bado sijakubali.

#10 MamaWaLeicester
Hamjambo. Naona wote mnaongelea idadi ya mechi, hakuna anayeuliza walicheza na nani.

Huku Uingereza kwenye ligi za klabu timu mara nyingi ni jozi tu. Kwenye ligi yangu tuna jozi tatu, na kila jozi inakutana na jozi zote tatu za wapinzani, jumla mapambano tisa, mchana mzima umeisha. Ukikaa na mtu uwanjani muda huo wote, unamjua kuliko mumeo anavyomjua. Kuna anayekwambia "haya, imepita" ukikosea servisi mara mbili, na kuna anayegeuka kutazama uzio. Yule wa uzio, hata awe hodari vipi, sirudi kucheza naye.

Mimi niliwahi kuacha timu kwa sababu moja tu. Nahodha alinitenganisha na mwenzangu niliyecheza naye miaka mitatu, akampa mtu mwenye voli nzuri zaidi. Walishinda. Mimi nikaenda zangu.

Dada, hao watano uliwabadilisha jozi mara ngapi?

#11 BintiPangani
Kila mechi, mama. Niliwatumia kujaza mapengo. Aliyekuwa na nafasi wiki hiyo nilimpachika na aliyebaki. Sikuwahi kuliangalia hivyo.

Na HesabuNdiyoHaki ameuliza kuhusu uwanja ambao haukuchezwa. Nisimulie, maana hata sasa likinijia nasikia uso unawaka.

Ilikuwa mechi ya tano, ugenini, Jumamosi saa 2 asubuhi. Nilipanga jozi ya tatu watu wawili. Mmoja aliandika "nipo" tangu Jumatano. Mwingine anaishi mbali, aliendesha dakika 50, akafika saa 2 kasorobo, akafunga kitambaa kichwani, akaanza kuruka kamba pembeni ya uzio. Saa 2 ikafika, mwenzake hayupo. Napiga simu, inaita tu. Viwanja vingine vinne vikaanza, ukawa unasikia mipira kila upande, wa kwetu kimya. Kwetu ukipita dakika 15 umepoteza. Mimi siwezi kuingia, kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka wiki hiyo, nimekuja na kandambili na mfuko wa barafu.

Dakika 15 zikaisha. Nahodha wa wapinzani, mama mpole sana, akaja akaniambia samahani. Kopo la mipira la uwanja ule hatukulifungua. Kwenye mfumo nikaingiza 6-0, 6-0, ushindi wa mezani kwao. Mchezaji wangu akaniuliza "basi?" Nikamjibu "basi." Akakunja taulo mara nne, vizuri kabisa, kama anapiga pasi, akaliweka kwenye begi akaondoka.

Yeye ni mmoja wa watano.

#12 Sinza_Boy
Ndo hilo sasa! Kiwango chake kimeshuka kwa 6-0, 6-0 ambazo hakucheza. Ningekasirika hata mimi. Na yule aliyesema "nipo", yuko kwenye watano?

#13 Lefti_wa_Kisumu
Sinza_Boy, hapana. Ushindi wa mezani unaingia kwenye msimamo wa timu tu. Kwenye hesabu ya NTRP hauingii kabisa, kwa sababu hakuna mpira uliopigwa. Tofauti ni kama mmeanza mechi halafu mmoja akaumia akaacha, hapo zile gemu zilizochezwa zinahesabiwa. Watu wengi wanachanganya. Kuna mchezaji wangu alininunia miezi miwili kwa jambo hilo hilo, hadi nikamwonyesha kanuni.

Lakini ngoja niseme kuhusu hizi namba, kwa sababu kwangu naona hapo ndipo tatizo la ligi nzima liko. Mchezaji mpya anajipimia mwenyewe. Mwaka mzima kompyuta inamfuatilia bila yeye kuona namba kamili, na kuelekea Desemba viwango vya mwaka vinatoka: umepanda, umebaki, umeshuka. Aliyejipimia chini sana na anapiga watu kama ngoma, akivuka kikomo mara tatu anaondolewa kwenye kiwango kile katikati ya msimu. Basi kila mtu anacheza na jicho moja kwenye mpira, jicho moja kwenye namba. Kuna anayekataa kucheza na jozi dhaifu asishuke. Kuna anayekataa kushinda sana asipande akawaacha rafiki zake.

BintiPangani, Desemba kuna wako waliopanda kwenda 4.0?

#14 BintiPangani
Sinza_Boy, aliyesema "nipo" amejisajili, wa kwanza kabisa. Mtoto wake alipelekwa hospitali usiku ule, simu ikabaki nyumbani. Siwezi kumlaumu.

Lefti, ndiyo, wawili kati ya wale wakali wamepanda 4.0. Hawawezi tena kucheza nasi, sikuwahesabu kwenye wale watano.

#15 Lefti_wa_Kisumu
Basi sababu yangu ni hiyo. Wachezaji wanajua msimu ujao timu itachapwa. Wameondoka mapema.

#16 AtlantaBibi
Sikubali. Mtu aliyecheza mechi mbili hapimi kama timu itachapwa. Anapima kama anatakiwa.

Binti, yule wa taulo, ulimwomba radhi?

#17 BintiPangani
Niliandika kwenye kundi: samahani kwa wote kwa kilichotokea leo.

#18 AtlantaBibi
"Kwa wote." Mwanangu, aliyeendesha dakika 50 alikuwa mmoja.

#19 MzeeWaUpanga
Bi Atlanta amesema ninachotaka kusema. Mpigie simu. Usimwandikie, mpigie.

Miaka ile nilikuwa napanga mechi za jioni pale klabuni kwetu Dar, wazee watupu, hakuna ligi wala namba. Mzee mmoja aliacha kuja. Tukasema amechoka, goti, umri. Mimi nikampitia nyumbani. Kumbe siku moja tulipanga mechi mbele yake, tukahesabu watu "moja, mbili, tatu, nne, basi tumetimia," na yeye alikuwa ameketi benchi la pili na raketi mapajani. Hatukumwona. Alikaa hadi magharibi akaenda zake. Nilikunywa kahawa yake vikombe vitatu siku ile. Alirudi, akacheza nasi hadi alipofariki.

#20 Kamati_Mwenyekiti
Naingia nikiwa sijui hata raketi inashikwaje, lakini nimekuwa mwenyekiti wa kamati za harusi saba, na haya mnayosema nayajua yote.

Kwenye kamati mtu anaahidi laki mbili kwa sauti kubwa kikao cha kwanza. Kikao cha tatu haji. Si kwamba hana upendo. Ameahidi mbele za watu, hana, sasa anaona aibu kusema hana, kwa hiyo anakaa kimya. Ukimfuata kwenye kundi unazidi kumfungia mlango, kwa kuwa kila mtu anasoma. Nilipoanza kuwafuata watu faragha, na kusema mwenyewe kwanza "kama mambo yamebana niambie tu, elfu ishirini ni kubwa," ahadi zilianza kulipwa.

Huenda hao watano wana la kusema na wanaona haya. Labda ada. Labda mume. Labda ujauzito.

#21 Ukuta_wa_Mwanza
Ujauzito wa watu watano kwa mpigo, mwenyekiti?

#22 Kamati_Mwenyekiti
Mkuu, nimesema labda! Kila mmoja na lake.

#23 Lefti_wa_Kisumu
Hata saa inaweza kuwa sababu. Tulipoanzisha kikundi cha Waafrika Mashariki cha mazoezi huku Minnesota, niliandika "tukutane Jumapili saa 3." Wakenya na Watanzania waliozoea Kiswahili wakaja asubuhi, vijana waliozaliwa huku wakaja saa 9 alasiri. Mimi nilikuwa nimekodi uwanja wa ndani asubuhi, majira ya baridi, nje theluji. Nimelipa, nikacheza na mtu mmoja. Tangu siku hiyo naandika asubuhi au mchana kwa herufi kubwa.

#24 Sinza_Boy
Lefti, na wewe si ungewaambia vijana wajifunze saa ya Kiswahili. 😄

#25 HesabuNdiyoHaki
Turudi kwenye mada. BintiPangani, orodha za timu kwenye TennisLink si siri. Tafuta majina ya hao watano uone kama wamejisajili kwingine. Utajua kama ni tenisi wameacha, au ni wewe.

#26 MamaWaLeicester
Mwanangu #25, hilo la mwisho lingeweza kusemwa kwa upole zaidi.

#27 HesabuNdiyoHaki
Samahani mama. Samahani dada. Nilimaanisha timu.

#28 BintiPangani
Hakuna shida, nimekuelewa. Nimetazama usiku huu.

Wawili wamejisajili pamoja kwenye timu nyingine ya 3.5, viwanja vya karibu na kwao. Mmoja yuko kwenye timu ya miaka 40 na kuendelea, ambayo haimzuii kucheza na sisi pia. Wawili hawapo popote. Wa taulo ni mmoja wa hao wasiokuwepo popote. Nilitamani ningemkuta kwenye timu nyingine.

#29 Ukuta_wa_Mwanza
Hao wawili waliohama pamoja wanathibitisha hoja ya Mama wa Leicester, si ya hesabu. Wameenda kama jozi. Huko wataweza kuchezeshwa mechi mbili tu pia, lakini watacheza pamoja.

#30 HesabuNdiyoHaki
Au nahodha wa kule amewaahidi mechi nne. Hatujui.

#31 Sinza_Boy
Au viwanja viko karibu na kwao! Dada kasema mwenyewe. Mafuta na foleni ndugu zangu.

#32 Nilikaa_Benchi
Sijawahi kuandika humu, nasoma tu. Uzi huu umenigusa kwa sababu mimi ni yule anayeondoka bila kusema.

Nilicheza ligi kama hii, mji mwingine wa Marekani. Kila Jumatatu nahodha wetu aliuliza kwenye kundi, nani yupo Jumamosi. Mimi kila Jumatatu naandika nipo. Ili niwe nipo lazima nimwombe dada yangu aje kukaa na watoto, nibadilishane zamu kazini. Halafu Alhamisi usiku orodha inatoka, jina langu halipo. Namwambia dada usije. Namwambia yule wa zamu, nimebadili mawazo. Wiki inayofuata naomba tena. Wiki ya nne dada yangu akaniuliza, hivi una uhakika hao watu wanakuhitaji?

Kucheza mechi mbili sikuchukia. Kiwango changu nakijua. Ningeambiwa mwanzo wa msimu, "wewe utacheza mechi ya pili na ya sita," ningeandika kwenye kalenda na ningekuja na furaha hizo siku mbili, na zile sita ningelala. Kilichonichosha ni kujiandaa mara nane ili nitumike mara mbili.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nahodha alikuwa mtu mwema anayejitolea. Nikilalamika nitaonekana sina shukrani kwa mtu anayetununulia mipira. Hivyo nikanyamaza. Usajili ulipofunguliwa niliona ujumbe, nikaufungua, nikaufunga.

#33 BintiPangani
Nilikaa_Benchi, asante sana. Nami nauliza Jumatatu. Natoa orodha Alhamisi usiku.

#34 Lefti_wa_Kisumu
Mimi nauliza Jumapili na natoa Ijumaa. Nimenyamaza.

#35 Ukuta_wa_Mwanza
Namheshimu #32, na ameeleza vizuri. Lakini nahodha hawezi kupanga mechi ya sita kabla ya msimu. Mmoja atateguka, mwingine atasafiri, mvua itaahirisha. Ukiwaambia wengine "laleni," siku ya dharura utapata wapi mtu? Yule mwenye mtoto hospitalini ungembadilisha na nani saa 2 asubuhi?

#36 MamaWaLeicester
Anaweza kupanga nusu. Jozi mbili zinajulikana mapema, nyingine zinabaki wazi. Sisi tunafanya hivyo, na nina mtu wa akiba kila wiki anayejua kwamba wiki hii ni zamu yake ya kuwa akiba. Anaweka viatu kwenye gari. Asipohitajika anakuja kunywa chai na sandwichi baada ya mechi.

#37 AtlantaBibi
Naona sote tunarudi kwenye chakula.

#38 Sinza_Boy
Naomba nitoke kidogo kwenye mada. Kuna kijana yeyote wetu anayecheza tenisi ya kweli? Huwa naona wa Afrika Kaskazini tu.

#39 Lefti_wa_Kisumu
Ndugu, Angella Okutoyi! Mkenya. Mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon, akicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la Grand Slam. Siku ile niliegesha gari pembeni ya barabara nikaangalia kwenye simu.

#40 MamaWaLeicester
Wawili wawili, mmesikia. Jozi.

#41 BintiPangani
Narudi na taarifa, maana mmenisaidia na si vizuri niwaache hewani.

Nimempigia wa taulo. Alipokea mlio wa pili. Nilimwambia, ile Jumamosi nilikuomba radhi pamoja na watu ambao sikuwakosea, leo nakuomba wewe. Akanyamaza, halafu akasema alishasahau, kisha akanieleza siku ile yote kuanzia alipojaza mafuta. Mwisho akasema msimu huu binti yake anaanza kuogelea Jumamosi asubuhi, ndiyo sababu hajajisajili. Nikamuuliza kama ni hiyo tu. Akasema ni hiyo tu. Tumeongea nusu saa, mambo ya watoto mengi.

Wa miaka 40 na kuendelea amesema hapendi joto, na timu ile inacheza usiku. Mmoja wa waliohama pamoja amesema kule ni karibu. Mwenzake hakupokea. Wa tano aliniandikia maneno mawili, "next year," basi.

#42 Sinza_Boy
Karibu na kwao! Nilisema #31.

#43 HesabuNdiyoHaki
Mtu akiwa na mechi mbili, kila uwanja uko mbali.

#44 Lefti_wa_Kisumu
Na kuogelea? Binti angeanza kuogelea kama timu ingekuwa na wale wawili waliopanda 4.0?

#45 AtlantaBibi
Mwacheni mama wa watu ampeleke mwanawe kuogelea.

#46 MzeeWaUpanga
Umefanya vizuri kupiga, mwanangu. Kifundo kimepona? Na mechi ya kwanza ni lini?

#47 BintiPangani
Kimepona mzee, asante. Mechi ya kwanza ni Jumamosi ijayo saa 3 ASUBUHI, tuko nyumbani. Nina wachezaji tisa hadi sasa, wapya wawili hawajalipa. Nimeshawapa wote karatasi ya msimu: kila mtu anajua mechi zake tatu za uhakika, zilizobaki nitauliza. Jozi mbili nimeziacha zikae pamoja hadi mwisho. Aliyesema "nipo" ile Jumamosi ameomba kununua mipira ya msimu mzima, nimemkubalia. Nimemwomba pia alete meza ya kukunja.

AtlantaBibi, ile chutney ya nazi unaweka pilipili ngapi?

#48 AtlantaBibi
Mbili mbichi, na ndimu moja. Nazi kuna mwenyewe, isiwe ya kugandishwa, na usinunue ya kopo. Nakutumia vipimo faragha.